Mzigo wa begani hupimwa, wa kichwani nani anaupima?

Ukiwa Arusha siku hizi huwezi kuukwepa ushauri huu, uwe kwenye ukumbi wa semina, redioni au kwenye sauti zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp: umechoka kwa sababu hujajipanga. Amka saa kumi na moja alfajiri, andika malengo matatu ya siku, kimbia kidogo, soma kurasa kumi za kitabu, shukuru kabla ya kulala. Jiendeleze kila siku hata kwa hatua ndogo, na uchovu wa akili utakuacha. Wapo pia wanaokereka wakisikia maneno hayo. Wanasema ni njia ya kumtwisha mfanyakazi lawama za bosi wake: mtu anabeba kazi ya watu watatu, halafu anaambiwa tatizo lake ni kutoandika shajara.

Nawaheshimu watu wa pande zote mbili, lakini naona wanabishana juu ya swali lisilo lenyewe. Ukimpa mtu aliyechoka tabia mpya, uliza inapunguza nini katika siku yake. Ikipunguza kitu, imemsaidia. Ikiongeza, hata iwe nzuri namna gani, umempa kazi nyingine. Na kuna kupunguza ambako hakumo mikononi mwake hata akiamka saa tisa usiku.

Kwanza tuelewane tunazungumzia hali gani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, liliueleza uchovu huu kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa, na likasema wazi kwamba si ugonjwa. Lilitaja mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija tena. La pili ndilo wenzako hulibaini mapema. Dada wa mapokezi aliyekuwa akiwaita wageni kwa majina anaanza kusema "wale wa chumba namba saba." Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya hali hii mwaka 1974, aliiona kwa watu waliokuwa wakijitolea katika kliniki ya bure jijini New York, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Hawakuwa wavivu, walikuwa ndio wenye moyo kuliko wengine. Kumhimiza mtu wa aina hiyo aongeze bidii, hata bidii ya kujitunza, ni kumwongezea kilekile kilichomfikisha hapo.

Ila ukiona usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au yanakujia mawazo ya kutaka kufa, tumeshatoka kwenye habari za ratiba na tabia. Nenda hospitali, iwe KCMC au hospitali ya mkoa, ukaonane na wataalamu wa afya ya akili. Usingoje msimu wa watalii uishe.

Sasa chukua ofisi ya kampuni ya utalii mjini Arusha mwezi wa Julai. Dada wa oparesheni anaingia saa mbili asubuhi. Kabla hajanywa chai ameshahakikisha magari yametoka, vibali vya hifadhi vimelipiwa na maboksi ya chakula cha mchana yamepakiwa. Dereva anapiga simu kutoka geti la Ngorongoro: "Dada, kibali kinasoma watu wanne, mimi nina watano." Akiwa bado anahangaika na hilo, lodji ya Karatu inaandika kwamba chumba kimoja hakipo. Saa kumi na mbili jioni anapanda kifodi kurudi nyumbani, simu mkononi, akiendelea kujibu. Saa nne usiku watoto wamelala, lakini New York ni saa tisa alasiri na mteja yuko mezani kwake akiwa na maswali. Bosi anaandika kwenye kundi: "Mjibu huyu mteja kabla hajahamia kwa wengine." Anajibu. Saa kumi na moja alfajiri simu inaita tena, ni dereva anayekwenda uwanja wa ndege wa KIA kupokea wageni na hajatumiwa majina yao.

Huyu ndiye tunayemwambia aamke saa kumi na moja. Ameshaamka.

Hata hivyo si kweli kwamba mtu kama huyu hana la kufanya. Sabine Sonnentag, mwanasaikolojia wa Ujerumani, amefanya tafiti kwa miaka mingi juu ya namna watu wanavyorudisha nguvu baada ya kazi, na jambo linalojitokeza ni kuiacha kazi kimawazo. Unaweza kukaa nyumbani kwa muda wa saa kumi na mbili bila kupumzika hata saa moja kama kichwa kimebaki ofisini. Kwa hiyo tabia zenye faida ni zile zinazofunga mlango. Kuandika kwenye karatasi yote yaliyobaki kabla ya kutoka ofisini, ili kichwa kisiyabebe hadi kitandani. Kulala huku simu ya kazi ikiwa sebuleni. Kula mchana ukiwa umeondoka kwenye meza yako; sheria yenyewe inampa mfanyakazi dakika 60 za mapumziko baada ya saa tano za kazi mfululizo, na wengi wanazitumia kujibu ujumbe huku wali ukipoa. Hizi zinaonekana ndogo, lakini kila moja inaondoa kitu.

Kuna moja ngumu kuliko hizo, nayo ni kukataa. Kwa mtu aliyelelewa kumwitikia mkubwa "abee" au "naam" kabla hajajua anaitiwa nini, kumwambia bosi wa rika la baba yake "hili halitawezekana leo, nitalifanya kesho asubuhi" si jambo dogo. Linataka mazoezi, linataka maneno yenye adabu, linataka kuchagua wakati. Wanaohubiri kujiendeleza wangetumia nusu ya semina zao kufundisha hilo peke yake, ningekuwa wa kwanza kukaa mbele.

Lakini angalia ni mipaka ipi inayodumu hapa kwetu. Ofisi yenye Msabato inajua kwamba jua likizama Ijumaa huyu hapatikani hadi jioni ya Jumamosi. Hakuna anayempigia, na wageni hawakosi magari kwa sababu hiyo. Kazi zake zinapangwa mapema na mwenzake anashika simu. Mwislamu akienda swala ya Ijumaa hakuna anayemwita mvivu. Watu hawa hawana nidhamu ya ajabu kuliko wengine. Mpaka wao unajulikana na kila mtu, kwa hiyo hawalazimiki kuupigania upya kila wiki. Anayejiwekea mpaka peke yake, kimyakimya, anaulinda kila usiku dhidi ya kila ujumbe unaoingia, na siku akichoka ndiyo siku unapovunjika.

Hata desturi ya uzazi ya Wachagga ilijengwa hivyo. Mama aliyejifungua alikaa ndani kwa muda wa miezi mitatu, akiletewa mtori na maziwa, na majani ya ng'ombe yakikatwa na wengine. Hakufundishwa mbinu za kupumzika. Aliondolewa kazi, na ukoo mzima ulijua kwamba imeondolewa.

Hapa ndipo wanaoulaumu ushauri wa kujiendeleza wanapokuwa na hoja nzito. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 19 zilizohusu madaktari zaidi ya 1,500. Ulionyesha kwamba juhudi za kupunguza uchovu zinasaidia kiasi kidogo, na kwamba msaada ni mkubwa zaidi pale taasisi inapobadilisha mambo yake, zikiwemo ratiba na wingi wa kazi, kuliko daktari anapofundishwa kujihimili mwenyewe. Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 46,000 wa Uingereza. Waliopewa mafunzo ya kuhimili msongo au programu za simu za kutuliza akili hawakuwa na nafuu kuliko wasiopewa. Utafiti wake ulipima watu kwa wakati mmoja, hivyo inawezekana waliojiunga na mafunzo ndio waliokuwa hoi zaidi tangu mwanzo. Lakini mwajiri anayedhani semina moja ya hotelini itafidia miezi mitatu ya simu za usiku asome matokeo hayo mara mbili.

Kwenye geti la Machame mzigo wa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, unawekwa kwenye mizani kabla hajaanza kupanda Kilimanjaro. Kikomo ni kilo 20 za mzigo wa kampuni. Mgumu anaweza kuwa na mapafu ya chuma, viatu imara na moyo wa kupanda mlima kila wiki, na hayo yote yanamsaidia, lakini hakuna anayesema kwa sababu ya mazoezi yake mizani iondolewe. Tunajua kanuni na utekelezaji havilingani kila siku, hata mlimani. Lakini mizani ipo, na anayezidishiwa anaweza kuinyooshea kidole.

Ofisini nako mizani ipo, ila hakuna anayeweka mzigo juu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zina kikomo cha 50 kwa kila wiki nne na hulipwa mara moja na nusu. Kwa kawaida mfanyakazi anatakiwa kupata saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kutoka kazini na kurudi, saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mrudie yule dada wa oparesheni uhesabu. Ujumbe wa saa nne usiku na simu ya saa kumi na moja alfajiri havimo kwenye daftari la mahudhurio, kwa hiyo kwenye karatasi yuko ndani ya sheria. Mwilini hayuko. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40.

Kwa nini basi hasemi? Wengi katika utalii wanaitwa kwa msimu. Anayelalamika Julai huenda asiitwe Desemba, na orodha ya wanaosubiri nafasi yake anaijua. Unaposhauri watu wajifunze kukataa, kumbuka kwamba kukataa kuna bei, na bei hiyo si sawa kwa mwenye mkataba wa kudumu na kwa kibarua. Vilevile utasikia kwamba watu wa utalii hupumzika masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua. Wa mshahara wa kudumu, ndiyo. Wa msimu anakaa nyumbani bila kipato akihesabu kodi na ada. Huko ni kukosa kazi, na kichwa hakitulii hata kidogo.

Ila na mimi siwezi kwenda hadi mwisho na upande huu. Ukisema kila kitu ni mfumo, utamwambia nini mama anayeuza ndizi Mbuyuni, Moshi? Hana bosi wa kumshitaki wala daftari la mahudhurio. Anaamka saa kumi kuwahi mzigo, na akirudi jioni ana nyumba ya kuhudumia. Ukikaa naye ukamsikiliza, mara nyingi kinachomkosesha usingizi ni marejesho: mkopo wa kwanza ulikuwa wa mtaji, wa pili wa kulipia wa kwanza, na huo wa pili ni wa kausha damu, unaodaiwa kila siku. Kwake kujiendeleza kuna maana kamili. Kuandika mauzo na matumizi kila jioni hadi aone kama ndizi zinamlipa kweli, kuhamia kikoba anachokijua, kukataa mkopo wa tatu hata anayeuleta akiwa na maneno matamu, kufunga biashara Jumapili. Mabadiliko hayo ni yake, na yanapunguza mzigo wenyewe. Kumwambia angoje sera ibadilike ni kumwacha. Sera nayo ina wajibu wake, kwa sababu mkopo wa namna hiyo ungedhibitiwa vizuri asingekutana nao, lakini keshokutwa asubuhi marejesho yanadaiwa.

Kwa hiyo ushauri uleule unabadilika thamani kulingana na nani ameshika usukani wa siku yake. Fundi mwenye karakana yake, mwenye duka, mkulima wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, hao wapewe zana za kujipanga na wataona tofauti. Muuguzi wa zamu, mlinzi wa usiku, dada wa oparesheni, hao wakipewa zana hizohizo bila kuguswa zamu zao watajilaumu tu zaidi zisipofanya kazi.

Na kwa ofisi za utalii, jambo la kuanzia liko karibu sana. Nunueni simu moja ya zamu ya usiku yenye laini yake. Dharura zote za usiku, gari lililokwama au mgeni aliyeugua, ziende kwenye simu hiyo peke yake, na anayeishika leo kesho aingie saa sita mchana. Mteja wa New York aambiwe tangu barua ya kwanza kwamba maswali ya kawaida yanajibiwa asubuhi ya Arusha. Ratiba ya zamu ibandikwe ukutani na jina la bosi liwemo, naye ashike simu usiku wake kama wengine.