Asilimia Isiyosogea
Hakuna kero inayonishinda kuliko kompyuta mpakato kuganda katikati ya kurejesha mfumo, yaani kuiweka upya Windows inayoiendesha, ikabaki kwenye asilimia 64 tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, bila ya kueleza kama bado inafanya kazi au imekwisha kufa. Mafundi wa Chake Chake watakwambia usubiri, na ni kweli, kwani diski ya kuzunguka (ile ya kizamani ya kuhifadhia faili) iliyochakaa huweza kuchukua saa nyingi, na taa yake ikiwa bado inapepesa ni dalili kwamba kazi inaendelea. Lakini kusubiri huko kunataka umeme, na huku Pemba umeme wetu hutoka Tanga kwa waya uliopitishwa chini ya bahari mwaka 2010. Kwa hiyo ukikatika wakati betri yenyewe imeshachoka, faili za mfumo huweza kubaki nusunusu, na mashine isiwake tena ila kwa fleshi yenye mfumo mzima. Na wale wanaoshauri upakue Windows upya kutoka kwenye intaneti, takriban gigabaiti 4 au zaidi, sijui bando wananunua wapi. Hivi kuandika tu kwenye skrini kwamba kazi inaendelea, na ni faili gani inayosomwa, kungewagharimu nini watengenezaji?