Tusikikate Kitunguu Saumu Shingo Kikiwa Kibichi

Kauli inayoniudhi kuliko zote katika Soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, ni ile niliyoambiwa tena juzi na muuzaji mwenye nia njema kabisa: "Mama, chukua hiki cha China, chetu hakikai." Mbele yake kulikuwa na vitunguu saumu vya kwetu, vimeng'olewa karibuni, mashina yamekatwa hadi kichwani, mikato bado ina unyevunyevu, na vyote vimefungwa katika mfuko wa nailoni uliojaa matone kwa ndani.

Kitunguu cha namna hiyo hakiwezi kukaa, lakini kosa si la udongo wetu. Aina tunayopanda bustanini ni ya shingo laini: haitoi kikonyo kigumu cha ua, bali shingo yake ni tabaka za majani matupu, ambayo yakikauka taratibu hubanana na kuziba njia ya ukungu. Anayekata shingo hiyo siku ya kung'oa anaacha jeraha wazi juu ya punje zote.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu majira ya Nyanda za Juu Kusini hayampi mkulima nafasi ya uzembe. Tunapanda mvua zinapoishia, Aprili au Mei, ili baridi ya Juni na Julai iukute mmea ungali mchanga, maana huku kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana na mmea hutegemea zaidi ubaridi ili kichwa kijigawe punje. Tunavuna Septemba au Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Kuanzia hapo hadi msimu mwingine wa kupanda ni miezi 6 au zaidi, mingi yake ya unyevu, na kitunguu kilichokaushwa vizuri kinaweza kuivuka. Aliyeozewa na vyake Januari atanunua vitunguu vya mbegu asivyojua vilikotoka, na huenda akaingiza bustanini ugonjwa wa uozo mweupe, ambao vimelea vyake huweza kuishi udongoni kwa zaidi ya miaka 20.

Kukausha kwenyewe hakuhitaji mashine. Acha kumwagilia wiki 2 au 3 kabla ya kuvuna, ng'oa majani ya chini yakishakauka na ya juu yangali kijani, kisha tandaza vitunguu na majani yake kwenye kichanja cha kivulini penye upepo kwa wiki 2 hadi 4. Bana shingo kwa vidole: ikiteleza ndani, bado, ikitoa mchakacho mkavu, iko tayari. Nyunyizia majani maji kidogo yalegee, yasuke kama nywele ukiongeza kichwa kimoja kimoja, na utundike upenuni pasipofika mvua wala jua. Usivitunze jikoni, kuna mvuke, wala kwenye jokofu, maana baridi yake huamsha machipukizi.

Nakubali kwamba cha China kina punje kubwa na humenyeka upesi. Lakini kimevuka bahari kwa sababu kilikaushwa kwanza na kutunzwa penye baridi kali kuliko ya jokofu la nyumbani, wala si kwa sababu kina nguvu kuliko chetu.

Nasi wanunuzi tuwaombe wauzaji watuletee kitunguu kilichokauka na shina lake, na tukubali kukilipia zaidi. Mwenye bustani naye atenge vichwa vikubwa vya mbegu siku ileile ya kusuka, kabla wapishi hawajavifikia.