Ile Nafasi Ina Mwenyewe

Kijana nilimkuta steshenari, Barabara ya Nane pale Ngamiani, anasubiri zamu yake ya fotokopi. Nilimfundisha stashahada. Alikuwa mwanafunzi ambaye ukifika kwenye karatasi yake unaweka kalamu ya kusahihishia pembeni, unasoma tu. Akaenda chuo kikuu, akarudi Tanga na GPA, ule wastani wa alama, ya 4.1 kati ya 5, na sasa anamsaidia kaka yake kuuza vifuniko vya simu. Nikamuuliza kama aliomba ile kazi ya ukufunzi iliyotangazwa mwezi uliotangulia kwenye chuo ninachofundisha sasa.

Akainama. "Sikuomba, Mwalimu. Nilisikia ile ni ya kwako."

Akanieleza yote pale pale, mashine ikinguruma. Bahasha ya kaki ilikuwa tayari: barua, vyeti, cheti cha kuzaliwa, nakala zote zimegongwa muhuri wa wakili, na kila muhuri kaulipia. Alikuwa aipeleke Ijumaa. Alhamisi jioni, kwenye kahawa, jamaa mmoja akamwambia usijisumbue bwana, ile nafasi ina mwenyewe, kuna mama anafundisha pale kwa saa na wanamsubiri yeye. Bahasha akairudisha nyumbani Makorora, akaiweka juu ya kabati.

Mama huyo ni mimi, na hakuna aliyekuwa ananisubiri.

Nilikuwa na mihula mitatu pale, nalipwa kwa saa, na malipo ya muhula mmoja yalikuwa yanafika wakati muhula mwingine umeshaanza. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniita ofisini kuniambia tulia, hii yako. Tena mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaambiwa kwamba ile nafasi ni ya mpwa wa mjumbe wa bodi. Niliambiwa na mtu ninayemheshimu, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, na nikaamini. Wiki nzima sikugusa barua. Niliipeleka siku ya mwisho, saa nane mchana, kwa sababu mume wangu aliniuliza swali moja: huyo mpwa umewahi kumwona? Sikuwahi. Mpaka leo sijamwona.

Kwa hiyo nafasi moja ilikuwa na wenyewe wawili kwa wakati mmoja, na kila mmoja alifukuza watu wake. Nilikuja kujua baadaye kwamba barua zilizofika ni tatu. Mji mzima huu, na wahitimu wote tunaowaona wamekaa vijiweni na shahada zao, barua tatu! Hakuna aliyechukuliwa, na nafasi ikabaki wazi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikaa nusu muhula bila mwalimu wa somo lile. Chuo sikitaji, kwa sababu sidhani kuna mtu pale aliyepanga yatokee hivyo.

Uvumi huu una asili yake. Zamani sifa ilikuwa kubakizwa. Mwanafunzi akiongoza darasa, idara inambakiza: anaanza mkufunzi msaidizi, TA kama tunavyosema, anapelekwa kusoma shahada ya pili, anarudi, anapelekwa ya tatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970 kilihitaji wahadhiri Waafrika kwa haraka, na wengi walipatikana kwa njia hiyo. Ukisikia fulani kabakizwa chuo, unakwenda kumpa hongera mama yake. Kila mtu alijua, na hakuna aliyenong'ona.

Kisha marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007 yakaleta Sekretarieti ya Ajira, ili nafasi za umma zitangazwe na kushindaniwa mbele ya wote. Vigezo vikajulikana hata kwa mtoto wa kidato cha sita: TA uwe na GPA ya 3.8 ya shahada ya kwanza, mhadhiri msaidizi aongeze 4.0 ya shahada ya pili. Hili ni jambo jema na nalitetea. Lakini vyuo, vya umma na visivyo vya umma, havikuacha kulea watu wa ndani, wala sioni vingeachaje. Mtu akisimamia mitihani yako miaka minne lazima umjue kuliko aliyekuja na bahasha. Tulichoacha ni kulisema jambo hilo waziwazi. Neno lililokuwa la hongera likawa la kunong'ona, na kunong'ona hakuna mwisho.

Sasa watu wanasoma matangazo kama wanasoma ramli. Muda wa maombi ukiwa mfupi, basi mtu yupo. Mwelekeo wa shahada ukiwa mwembamba sana, tangazo limeshonwa kwa vipimo vya mtu. Uzoefu wa miaka mitatu, unajua nani pale ana miaka mitatu? Mara nyingine wanapatia. Undugunaizesheni upo, nimeuona kwa macho yangu, na siwezi kumwambia mtu aliyeumizwa nao kwamba anaota. Ila nimeona pia tangazo lenye siku kumi na nne, kama matangazo mengi yalivyo, likageuzwa ushahidi wa njama.

Na anayeumia ni yule yule. Mwenye nauli anaomba hata akisikia uvumi, maana hapotezi kitu. Anayeitwa kwenye usaili Dodoma anapanda basi Kange alfajiri, Segera, Chalinze, Morogoro, mpaka afike ni jioni na amechoka. Chakula, usafiri na malazi anajigharamia, tangazo lenyewe linasema hivyo. Mtu wa namna hii ukimnong'oneza kwamba ina mwenyewe, atapiga hesabu na atabaki nyumbani. Simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyemnong'oneza bila kuwa na hakika, na hapo nawasema walimu wenzangu, kwa sababu kauli ya mwalimu inabeba uzito kuliko ya muuza kahawa. Tunawaambia watoto hawa "mjini hapa bila mtu hupati" kama tunawapa busara. Tumeshawafungia mlango ambao hatuna hata ufunguo wake.

Wajerumani wana kanuni kwamba kwa kawaida chuo hakimpandishi mtu wake mwenyewe moja kwa moja kuwa profesa. Sharti awe ametoka, amefanya kazi kwingine. Nimeifikiria sana kanuni hiyo na sidhani inatufaa. Kwao vyuo ni vingi na viko karibu karibu. Mwalimu wa Tanga ukimwambia atoke kwanza, unamwambia aache watoto na mama mgonjwa aende Mwanza. Na mtu aliyefundisha mihula mitatu kwa malipo ya kuchelewa hakuiba kitu kwa kuomba kazi anayoifanya tayari.

Ninachotaka ni kidogo zaidi. Kama kuna mtu anaishikilia nafasi kwa muda, tangazo liseme: kazi hii kwa sasa inafanywa na mwalimu wa muda, naye anaruhusiwa kuomba. Basi. Wa nje ajue anashindana na nani, aje amejiandaa. Wa ndani naye asitembee na jina la mwizi. Na usaili ukiisha, kila aliyekaa kwenye kiti aambiwe alama zake. Usaili wa kuandika wa Sekretarieti, matokeo yanabandikwa kwa namba ya usaili, unaona zako na za jirani, na sijasikia watu wakilalamikia karatasi ile kama wanavyolalamikia mahojiano. Kwenye vyuo vinavyoajiri vyenyewe mara nyingi hupati hata simu. Unakaa, mwezi, miwili, halafu unaamua mwenyewe kwa nini hukupata, na jibu la kwanza linalokuja ni lile la kijiweni.

Naandika haya sasa kwa sababu kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe inakuja Mkinga, mkoa huu huu wa Tanga, kwa mradi wa elimu ya juu wa HEET, ule wa mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia ulioanza 2021. Vijana wameshaanza kuulizana nafasi zitatoka lini. Ningependa tangazo la kwanza litakapotoka waulizane habari za somo na vigezo, na bahasha zote ziondoke Makorora, Mabawa, Pongwe na Muheza.

Ile nafasi ya kwetu imetangazwa upya Jumatatu. Nilimpigia kijana siku ile ile. Bahasha bado iko juu ya kabati, akasema, ni barua tu inabidi ibadilishwe tarehe. Nikamwambia na mimi naomba, ajue kabisa, asije akasikia kwa watu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza.