Wagothi hawakughushi, acheni kuwasingizia

Minada ya sarafu za kale bado inaiuza dhahabu ya Theodoric, mfalme wa Wagothi (watu wa asili ya Kijerumani) aliyeitawala Italia, kwa maelezo yale yale: "mwigo wa washenzi". Eti kwa kuwa imepigwa Italia na mfalme wa Kigothi, na jina lililo juu yake ni la Anastasius, kaizari wa Roma ya Mashariki, basi kaghushi. Mghushi gani huyo anayetoa dhahabu ya uzito kamili?

Iwekeni kwenye mizani kwanza. Solido, sarafu kuu ya dhahabu ya Kirumi, ni sehemu ya 72 ya ratili ya Kirumi, karibu gramu 4.5; tremisi, sarafu ndogo ya dhahabu, ni theluthi yake, gramu 1.5. Kisha geuza upande wa nyuma, ufuate maandishi VICTORIA AVGGG ("Ushindi wa Makaizari") mpaka mwisho. Kwenye baadhi ya sarafu utakuta herufi za jina la Theodoric zimesukwa kuwa alama moja ndogo. Mwizi haachi sahihi mlangoni. Kwenye vijisarafu vya fedha alama hiyo imekaa katikati kabisa, wala haijifichi.

Haki ya sura kwenye sarafu za kawaida za dhahabu ilikuwa ya kaizari, na Wagothi waliiheshimu mipaka hiyo. Theodahad, mfalme wa Kigothi wa baadaye, alipotaka sura yake ionekane aliiweka kwenye sarafu ya shaba ya nummi 40 (nummi ni sarafu ndogo kabisa ya shaba), masharubu na yote.

Halafu kuna mfalme wa Kigothi Baduila, anayeitwa pia Totila, aliyetawala 541 hadi 552 akipigana na Kaizari Justinian. Baadhi ya sarafu zake za fedha zina jina la nani? Anastasius, aliyefariki 518! Anayetaka kudanganya sokoni huiga sarafu ya mtawala aliye hai. Hili lilikuwa tusi la kisiasa: Anastasius ndiye aliyeutambua utawala wa Theodoric mwaka 497, na wewe Justinian unayetuvamia hatukutambui. Kuyaita hayo ushenzi ni uvivu wa kusoma.

Haya, miigo ipo. Ile dhahabu ya karne ya 3 na ya 4 kaskazini mwa Bahari Nyeusi, inayohusishwa na Wagothi, ina maandishi yasiyosomeka, na nyingine zilitobolewa zivaliwe shingoni. Sibishi.

Bandia hasa zitafuteni kwenye tremisi za Wavisigothi, yaani Wagothi wa Magharibi, wa Hispania, zenye majina ya wafalme wao kuanzia Leovigild. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki 1830, alizichongea mihuri mipya na kuzipiga kwa dhahabu halali, hivyo kupima dhahabu peke yake hakutoshi. Linganisha herufi moja moja na picha za mihuri yake. Na hizo za Becker, minada huziuza kwa jina lake, kwa heshima zote.