Hujaji na mikataba ya kwanza ya afya ya kimataifa

Wajumbe wa dola 12 walikaa kitako mjini Paris tarehe 23 Julai 1851 kutafuta kanuni moja ya karantini kwa bandari za Bahari ya Mediterania, wakakaa huko miezi sita. Kila dola ilileta tabibu mmoja na mwanadiplomasia mmoja, na kila mtu alipewa kura yake mwenyewe, kiasi kwamba wawili waliotumwa na serikali moja waliweza kupingana mbele ya wageni. Zilipatikana kanuni 137. Ziliridhiwa na Ufaransa, Ureno na Sardinia tu, na hizo mbili za mwisho zikajitoa baadaye. Masimulizi ya ushirikiano wa afya huanzia hapo, yakapita mkutano baada ya mkutano, yakafika kwenye ofisi ya afya iliyoundwa kwa makubaliano ya Roma ya mwaka 1907, kisha yakatia nanga kwenye Shirika la Afya Duniani la mwaka 1948. Hakuna uongo katika masimulizi hayo. Ila yana msafiri mmoja anayetajwa kila mara bila kusikilizwa, naye ni hujaji.

Waliomwogopa hujaji walikuwa na sababu. Mwaka 1865 kipindupindu kiliwakumba watu waliokwenda Makka, na inakadiriwa kwamba takriban 15,000 walikufa. Walionusurika walipanda meli kurudi Suez, ugonjwa ukaingia Aleksandria, na kutoka hapo ukasambaa katika bandari za Ulaya. Meli za moshi zilikuwa zimeifupisha njia: mgonjwa ambaye zamani angefia jangwani sasa aliweza kufika bandarini akiwa hai. Ndiyo sababu Ufaransa iliomba mkutano, ukafanyika Istanbul mwaka 1866, na madaktari waliokutana huko wakakubaliana kwamba kipindupindu hutoka India na husafiri pamoja na binadamu. Walilisema hilo miaka 18 kabla ya tabibu Mjerumani Robert Koch kuonyesha kijidudu chenyewe, wakati bado matabibu wengi wenye sifa waliamini kwamba ugonjwa huzaliwa na hewa chafu. Anayedai kwamba Ulaya ilizua tu hofu ili kuwabughudhi Waislamu anawaonea watu hao.

Hata hivyo, katika mkutano huohuo Wafaransa walipendekeza kwamba kipindupindu kikizuka wakati wa hija, safari zote za baharini kati ya bandari za Uarabuni na Misri zikatwe, na mahujaji wabaki hukohuko au warudi kwa njia ya jangwa. Milki ya Osmani, dola ya Waturuki iliyotawala Makka na Madina, ilipinga, na upinzani wake umezoeleka kusimuliwa kama ukaidi wa dola kongwe isiyojali afya. Nadhani hapo ndipo hukumu ilipokwenda upande. Kuwazuia maelfu ya watu waliokwisha kutumia akiba yao, kwenye pwani yenye uhaba wa maji na chakula, huku ugonjwa ukiwa katikati yao, maana yake ni kuwahukumu wafe ili wengine wasife. Serikali iliyokuwa na dhamana ya miji mitakatifu isingeweza kutia sahihi jambo hilo na bado ikaendelea kuitwa mlinzi wa mahujaji.

Kilichofuata ni Kamaran, kisiwa kidogo karibu na pwani ya Yemen, ambako Waosmani walifungua kituo cha karantini mwaka 1882. Meli za mahujaji zilizoingia Bahari ya Shamu kutoka kusini zililazimika kutia nanga hapo. Abiria waliteremshwa pamoja na mizigo yao, wakavua nguo zao, wakaoga maji yenye dawa, na nguo zikatiwa katika mashine ya mvuke wa moto ili kuua vijidudu. Mvuke ule ukigusa ngozi huikunja na kuiharibu, kwa hiyo mkoba au kiatu kilichoingia mashineni hakikutoka kama kilivyoingia. Kisha zikahesabiwa siku za kukaa vibandani. Gharama yote hiyo, pamoja na ada ya karantini, ililipwa na hujaji mwenyewe, ambaye mara nyingi alikuwa ameiwekea akiba safari hiyo kwa muda mrefu wa maisha yake.

Tuweke kando ya Kamaran mkataba wa Venice wa mwaka 1892, ambao ndio wa kwanza kukubaliwa kweli na kutekelezwa, baada ya miaka 41 ya mikutano. Kiini chake kilikuwa Mfereji wa Suez, ambako meli nyingi zilipeperusha bendera ya Uingereza. Waingereza hawakutaka biashara yao na India icheleweshwe, na walichopata ni kwamba meli isiyo na mgonjwa ipite mara moja, na hata meli inayoshukiwa iweze kuvuka mferejini chini ya ulinzi ikiwa ina daktari na mashine ya kusafishia. Kwa hiyo meli ya shehena yenye mashaka iliendelea na safari, na meli ya mahujaji isiyo na mgonjwa hata mmoja ilisimama Kamaran. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani nikitafuta maelezo ya kitabibu yanayotosha, nami naona kwamba kilichopimwa ni thamani ya muda wa msafiri. Muda wa mwenye shehena ulikuwa na bei inayojulikana katika mabenki ya London. Muda wa mkulima wa Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, aliyekwenda kuhiji haukuwa na bei.

Mwaka huohuo wa 1892 Ulaya ilipata somo lake ambalo halikumhusu hujaji hata kidogo. Mjini Hamburg, bandari ya Ujerumani, kipindupindu kiliua watu wapatao 8,600 katika majuma machache. Mji ule ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, kwa sababu watawala wake, ambao wengi walikuwa wafanyabiashara, walikuwa wameahirisha kwa miaka gharama ya kujenga chujio la mchanga. Altona, mji uliopakana nao ukuta kwa ukuta, ulichuja maji yaleyale ya mto uleule, nao ukasalimika kwa kiasi kikubwa. Palikuwa na mtaa wa mpakani ambapo wa upande mmoja waliugua na wa upande wa pili hawakuugua, hewa ikiwa ileile. Tofauti ilikuwa bomba. Mwaka uliofuata dola zilikutana Dresden na kuafikiana juu ya kupeana taarifa na juu ya mipaka ya kuzuia bidhaa na wasafiri. Hakuna dola iliyofungwa na mkataba ule kuwachujia maji raia wake. Mkulima wa Java alitakiwa achemshiwe nguo zake ili Hamburg iwe salama, na Hamburg haikutakiwa na taifa lolote kujenga chujio.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Kipindupindu kilichoingia Zanzibar mwaka 1869 hakikuletwa na jahazi kutoka Jeddah. James Christie, tabibu aliyekuwa akiishi Unguja wakati huo, alifuatilia nyayo zake akazikuta katika njia za misafara: kilipita nchi ya Wamaasai, kikateremka Pangani, ndipo kikavuka bahari. Kituo cha kisiwani kisingekiona kikipita. Jambo hilo halikuzuia mtindo wa vituo kuenea hata kwetu, kwani Kisiwa cha Changuu, mkabala wa Mji Mkongwe, kilipata jengo lililokusudiwa kuwa gereza katika miaka ya 1890, likageuzwa kuwa karantini.

Sidai kwamba mikataba ile haikumfaa hujaji kwa lolote. Mkataba wa Paris wa mwaka 1894 uliwataka wenye meli watoe nafasi ya kutosha kwa kila abiria na wawe na daktari melini. Hayo yalikuwa masharti ya haki, kwa sababu watu walijazwa sitahani kama magunia, na ni Uingereza, mtetezi mkuu wa safari huru, iliyosita kuyakubali. Vituo navyo vilizaa elimu: mwaka 1905, katika karantini ya Tor kwenye rasi ya Sinai, Felix Gotschlich alipata kwa mahujaji waliofariki aina ya kijidudu cha kipindupindu iliyopewa jina la El Tor, na aina hiyo ndiyo iliyoenea duniani kuanzia mwaka 1961. Wala hasira dhidi ya karantini haikuwa safi. Mwaka 1895 umati ulivunja mashine ya kusafishia nguo iliyowekwa Makka, na huko Jeddah makamu wa balozi mdogo wa Uingereza, Dk. Abdur Razzack, akauawa. Alikuwa Mwislamu wa India, tabibu aliyetumia miaka mingi kuchunguza na kueleza taabu za mahujaji. Kifo chake hakina utetezi.

Lakini mtu hawezi kukisoma kisa cha mwaka 1895 bila kukumbuka kwamba katika mikutano yote iliyowahusu, wale waliokuwa wakivuliwa nguo Kamaran hawakuwa na mwakilishi waliyemchagua. Waliotoka India walisemewa na Uingereza, wa Java na Uholanzi, wa Algeria na Ufaransa, na kila mmoja wa wasemaji hao alikuwa na meli zake au bandari zake za kulinda. Mlalamikaji pekee aliyekuwa na kiti ni Milki ya Osmani, na baraza lake la afya la Istanbul lilikuwa limejaa wajumbe wa Ulaya.

Ubaguzi huo wa kisheria uliishi kuliko dola zilizouanzisha. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha kanuni zake mpya mwaka 1951, kanuni zilizokusudiwa kumtazama kila msafiri kwa jicho moja, bado ziliambatana na sehemu maalumu ya mahujaji. Kituo cha Kamaran kilifungwa mwaka 1952. Saudi Arabia ilifungua hospitali yake ya karantini mjini Jeddah mwaka 1956, na sehemu ile ya mahujaji ilipofutwa mara baada ya hapo, afya ya hija ikawa mikononi mwa nchi inayoipokea.