Tope la vyooni lipelekwe luseni, ziwa lipumue

Kila mwaka Mwanza tunalia na magugu maji, wanaletwa vijana wa kung'oa, inaletwa mashine, yanaondoka yanarudi. Yatarudi tu jamani, si tunayalisha wenyewe! Yananenepa kwa naitrojeni na fosforasi, virutubisho vile vile vya mbolea, nyingine inatoka mashambani huko sawa, ila nyingine ni ya vyooni kwetu, kule milimani kwenye mawe kuchimba shimo refu ni kazi, choo kinajaa, mvua ikishuka mtu anafungulia na mzigo wote unateremka mto Mirongo mpaka ziwani.

Hata ule unaofika Butuja, kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji, haujaisha, uchafu unatua chini unakuwa tope na ipo siku lazima litolewe. Liende wapi? Mimi nasema lichomwe liwe bayocha. Sio kuwasha moto hadharani, ni ule uchomaji wa tanuri la mkaa, hewa inabanwa, joto nyuzi 500 hivi, mayai ya minyoo na vijidudu vyote kwisha, unabaki na unga mweusi. Naitrojeni nyingi inapaa lakini fosforasi inabaki humo humo, basi ipelekwe Magu au Kwimba kwenye luseni, ule mchanga wetu ambao maji hayakai, ichanganywe na samadi maana peke yake mkulima asitegemee miujiza.

Wapo watakaosema bora mkaa wa kupikia, na kweli Naivasha kule Kenya kampuni ya Sanivation wanatengeneza nishati kwa kinyesi. Nawaelewa, bei ya gunia tunaijua, ila tope la bwawani limejaa mchanga, litawaka kwa shida, halafu fosforasi yote inatupwa jalalani na majivu.

Ninachoogopa ni metali. Moto hauondoi risasi wala kromiamu, unazirundika, kwa hiyo kila mzigo upimwe kwanza, na gereji inayomwaga oili na maji ya betri kwenye chemba ibanwe kabla hatujamgusa mkulima.

Na tafadhali mtu asikimbilie kuagiza mtambo wa mamilioni! Tope bichi ni maji karibu yote, ukilitia hivyo kwenye tanuri utamaliza kuni. Anza na vitanda vya kukaushia, kokoto chini mchanga juu, paa la nailoni la kukinga mvua, jua tunalo, na pumba za mpunga za kuchanganyia zimejaa nje ya mashine za kukoboa.