Feni ya Injini Haikuwekwa kwa Ajili ya Tambarare

Wiki iliyopita niliingia katika gereji moja pembezoni mwa Morogoro kutafuta hozipaipu ya rejeta, nikaikuta feni ya lori imetupwa juu ya lundo la vyuma chakavu, mapanga yake yote tisa yakiwa mazima. Mwenye lori alikuwa amesimama karibu, kijana ambaye ndiyo kwanza amenunua kichwa chake cha kwanza cha lori, na kwa furaha alinionyesha feni mbili za umeme zilizofungwa mbele ya rejeta kwa vibanio vya plastiki. "Kaka, ile ya zamani ilikuwa inakula dizeli bure," aliniambia. "Sasa gari jepesi. Alhamisi ninapanda nalo Tunduma." Nilipolisikia neno "ninapanda", moyo ulinishtuka, kwa sababu kati ya Morogoro na Tunduma upo mlima wa Kitonga, na mimi Kitonga naijua kwa gharama.

Miaka sita iliyopita, mimi na kaka yangu tulifanya jambo hilo hilo kwenye lori letu la pekee, lenye injini ya nguvu za farasi 420. Fundi mmoja alituambia kwamba feni inayozungushwa na injini ni mzigo, kwamba magari madogo yote yameshaiacha, na kwamba tutaona tofauti kwenye mafuta. Tulikubali. Tulilijaribu lori likiwa tupu kutoka Mbezi hadi Kibaha na kurudi, mshale wa joto haukutikisika hata kidogo, tukamlipa fundi fedha yake na kumshukuru. Siku nne baadaye kaka yangu aliondoka na tani 28 za mbolea kwenda Makambako, nami nikiwa naye. Tulifika Ruaha Mbuyuni saa saba mchana, jua likiwa la utosi, tukanunua vitunguu kama kila dereva anavyonunua pale, kisha tukaanza kuupanda mlima. Hatukufika hata nusu yake. Lori lilikuwa likitambaa kwa kasi ya kilomita kama 12 kwa saa, mshale ukapanda, injini ikaanza kujipunguzia nguvu yenyewe, na kwenye kona maji yakachemka yakaanza kumwagika. Utingo aliruka chini akaweka mawe nyuma ya matairi. Magari yalijipanga nyuma yetu hadi yakapotea bondeni, na basi moja la abiria likachoka kusubiri, likapita upande usio wake kwenye kona ambayo dereva wake hakuweza kuona kinachoshuka. Sijaisahau sauti ya honi yake mpaka leo. Kwa kosa letu, watu ambao hatukuwajua walikaribia kufa.

Jambo nililolielewa baadaye ni hili: feni zote mbili zilikuwa zinazunguka. Hakuna fyuzi iliyokatika wala waya uliochomoka. Zilifanya kazi yake yote, na kazi yake yote haikutosha.

Naomba wenye malori wafuatane nami katika hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo ambayo hatukuifanya. Injini ya ukubwa ule inapovuta mzigo mlimani kwa nguvu zake zote, huingiza katika maji ya kupozea joto linalozidi kilowati 100, na joto hilo lote halina njia ya kutoka isipokuwa kwa hewa inayopita kwenye rejeta. Feni ya injini, ikizunguka kwa kasi yake yote, huchukua kilowati 20 au zaidi ili kuivuta hewa hiyo. Feni zetu mbili za umeme zilivuta ampea 10 kila moja, yaani kwa mfumo wa volti 24 ni karibu nusu kilowati kwa zote mbili. Mtu anaweza kudhani kwamba hewa ilipungua mara 40, na hapo nitazitetea feni hizo, kwa sababu nguvu ya kuzungusha feni haiendi sambamba na hewa: ukitaka hewa mara mbili unahitaji nguvu mara nane, ukitaka mara tatu unahitaji mara 27. Kwa hiyo hewa yetu ilipungua zaidi ya mara tatu, si mara 40. Hata hivyo, theluthi ya hewa, mchana wa Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima kama ule, ni hukumu ya gasketi za injini. Za kwetu ziliungua, na lori likalala gereji ya Iringa wiki tatu.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kufunga feni nyingi zaidi. Lakini umeme wa lori hautoki bwawa la Mtera. Unatoka katika injini ile ile, kupitia mkanda, altaneta inayouzalisha, waya na mota, na kila kituo cha safari hiyo hula sehemu yake. Altaneta ya ampea 100 ikikamuliwa yote haifikishi kilowati tatu, na humo humo zimo taa, kompyuta ya injini na chaji ya betri.

Kwa nini, basi, jaribio la Kibaha lilituridhisha? Kwa sababu kwenye tambarare, lori likienda kilomita 70 au 80 kwa saa, upepo wa mwendo wenyewe hupoza rejeta, na feni ya aina yoyote ile haina kazi kubwa ya kufanya. Tungeweza kwenda Kibaha bila feni kabisa na mshale usingetikisika. Jaribio lile halikupima feni za umeme; lilipima upepo. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu mafundi bado wanalitumia kama ushahidi, nao wenye malori, kama sisi, wanalipokea.

Waliobuni malori walilijua tatizo la feni inayokula dizeli bila sababu, nao walilitatua zamani kwa klachi ya feni, yaani kiungo kati ya injini na feni. Ndani ya klachi hiyo mna mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake mna springi inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa baridi, klachi huteleza na feni huzunguka polepole, ikichukua nguvu kidogo tu. Hewa ikipata moto, klachi hushika, na dereva husikia mngurumo kama wa upepo mkali mpaka joto lishuke. Faida yote tunayoahidiwa na feni ya umeme, yaani kuzunguka pale tu inapohitajika, tayari imo katika kifaa hiki.

Tatizo ni kwamba klachi huchakaa. Silikoni ikivuja, feni huacha kushika, lori huchemka, na fundi mwenye haraka hutoboa klachi na kuipiga bolti ili feni igandane na injini moja kwa moja. Kuanzia siku hiyo feni huzunguka kwa kasi ya injini asubuhi na usiku, na hapo ni kweli kabisa kwamba inakula dizeli. Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba fundi wetu hakutudanganya kuhusu ugonjwa, alikosea dawa.

Ninakubali pia kwamba feni za umeme zina mahali pake. Magari madogo yanazihitaji, na huko Marekani yapo mabasi mengi ya mijini yenye injini nyuma yanayopozwa kwa safu ya feni za umeme. Mabasi hayo yana altaneta kubwa mara kadhaa kuliko zetu, na mfumo wote umebuniwa kwa ajili hiyo. Hayakufungiwa feni za gari dogo kwa vibanio vya plastiki.

Nilimsimulia yule kijana haya yote, naye hakuniamini, na sikumlaumu. Nikamwomba tuishushe feni yake kutoka kwenye lundo. Klachi inaweza kupimwa kwa mkono injini ikiwa imepoa: ikizunguka kwa uzito kiasi ni nzima, ikizunguka ovyo mizunguko kadhaa imekwisha mafuta, na ikikataa kabisa kuzunguka imegandana. Ya kwake ilikataa. Tuliifuta kwa kitambaa chenye dizeli, na chini ya vumbi jeusi lililoshikamana na mafuta yaliyovuja tukaona vichwa viwili vya bolti, vimeota kutu, vilivyopigwa na mwenye lori aliyemtangulia.

Alizitazama bolti hizo kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha aliniuliza klachi mpya inapatikana wapi na kwa bei gani, akatoa simu, akampigia mwenye mzigo na kumwomba safari ya Alhamisi isogezwe hadi Jumatatu.